Mita 638

Najua nimekuwa kimya tangu Agosti, na kuna walioniuliza kama bado niko hai. Niko hai, kazi tu ilinizidi. Mliozoea kunisoma mnajua kwamba kila Desemba naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, nafungua faili langu la mbio, naendesha programu yangu ndogo ya kujumlisha, halafu nawaeleza nimekimbia kilomita ngapi na nimeshiriki mashindano gani. Mwaka huu wa 2025 jumla ni kilomita 1,412, mashindano mawili, malaria mara moja. Kwa kawaida hapa ndipo ningeweka jedwali na kuanza kujisifu kidogo.

Lakini safari hii programu ilinipa jibu jipya kwenye mstari wa juu kabisa, ule unaosema "nusu marathoni bora". Niliyelibadilisha jibu hilo ni mimi mwenyewe. Nataka nieleze kwa nini, maana baadhi yenu mlinipongeza mwaka 2012 na nadhani nina deni kwenu.

Kwanza niwakumbushe wageni mimi ni mkimbiaji wa aina gani. Ni wa kawaida mno. Siku za kazi niko Migori, ambako naandika programu za vyama vya akiba na za maduka ya jumla. Wikendi niko nyumbani Homa Bay. Nikimwambia mtu wa nje kwamba mimi ni Mkenya na ninakimbia, macho yanamtoka, anadhani nimetoka Iten. Sikutoka Iten. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria liko 1,134. Sisi wa ziwani tunajulikana kwa mpira na samaki. Bingwa mkubwa wa mbio ndefu aliyetoka karibu na kwetu ni Naftali Temu, na yeye alitoka kule juu kwenye milima ya Gusii. Ndiye aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mita 10,000, Mexico City, 1968. Ukishuka kutoka Kisii kuja Rongo unasikia masikio yakiziba, na bingwa amebaki nyuma yako.

Nilianza mwaka 2004, nikiwa na miaka 26, kwa sababu ya Paul Tergat. Septemba 2003 alikimbia Berlin kwa 2:04:55 na kuweka rekodi ya dunia, na miezi iliyofuata kila redio ya matatu ilikuwa ikimtaja. Nilinunua viatu vya mtumba sokoni Migori, cha kushoto kikubwa kuliko cha kulia, nikatoka alfajiri. Watoto wa shule wakanipigia kelele: "Tergat! Tergat!" Nikaona raha. Kelele hizo ni kalenda yangu ya pili. Miaka ilivyokwenda nikawa Rudisha, sasa ni Kipchoge. Mwili ni ule ule, ila unazidi kuwa mzito.

Faili lenyewe lilianza kama daftari, likawa jedwali la Excel kwenye disketi niliyokuwa nikiibeba hadi saiba, ambako tulilipa kwa dakika. Disketi ikafa, ikaenda na miezi saba ya kwanza. Tangu hapo natumia faili la maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila siku ya mazoezi: tarehe, umbali, muda, aina, maneno machache. Maandishi matupu hayana toleo jipya litakalokataa kuyafungua. Mwaka 2010 nililiweka chini ya git, mfumo ambao sisi waandishi wa programu tunautumia kutunza historia ya kila badiliko. Kumbukeni hilo la git, nitalirudia.

Ukilisoma faili zima kwa mkupuo mmoja unaona maisha ya kanda hii kupitia mashimo yake. Januari 2008 haina mstari hata mmoja. Barabara zilikuwa zimefungwa kwa mawe na matairi yanayowaka, na hakuna aliyekuwa akikimbia kwa starehe. Machi hadi Juni, karibu kila mwaka, kuna siku kumi au kumi na tano tupu zenye herufi M. Hiyo ni malaria. Programu inanihesabia mara 14 katika miaka 21, na mwenye kudhani hiyo ni nyingi hajakaa kando ya ziwa. (Septemba 2019 chanjo ya malaria ya watoto ilizinduliwa nchini kwa kuanzia hapa kwetu, Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay. Nilifurahi, ingawa nimeshapita umri wa kuchanjwa.) Miezi ya kwanza ya kafyu, mwaka 2020, mistari inaanza saa 11 na dakika chache alfajiri, kwa sababu kafyu wakati huo ilikuwa inaisha saa 11 kamili. Mwaka uliofuata, Juni, kaunti 13 za kanda ya ziwa zikawekewa kafyu yake peke yake, kuanzia saa 1 jioni, mimi nikiwa ndio kwanza nimezoea kukimbia jioni. Na Mei 2020 hiyo hiyo ziwa lilipanda hadi likavuka rekodi yake ya mwaka 1964. Nilikuwa na njia ya kilomita moja ufukweni Homa Bay, niliyoipima kwa hatua na kuizoea kama kitanda changu. Maji yaliichukua. Kwa wiki kadhaa niliona ncha za vigingi vyangu zikichungulia majini, kisha nazo zikapotea.

Sasa tuje kwenye 2012.

Mkimbiaji yeyote wa kujifurahisha ana namba moja inayomnyima usingizi. Kwangu ilikuwa dakika 90. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975, na kuimaliza chini ya dakika 90 unahitaji kwenda kwa dakika 4 na sekunde 15 hivi kwa kila kilomita, bila kusimama, bila kuzungumza na mtu. Nilikuwa nimejaribu mara saba. Nairobi, ambako hewa ni nyepesi zaidi kwa mtu wa ziwani maana mji uko karibu mita 1,700, sikuwahi hata kukaribia. Bora yangu kule ilikuwa 1:36. Mbio nyingine zilinipa 1:33, 1:34, tena 1:33.

Jumapili ya tarehe 19 Agosti 2012 kulikuwa na mbio za hisani katika mji mmoja wa kaunti zetu hizi mbili. Mji sitautaja wala waandaaji sitawataja, walikuwa watu wema na walichangisha pesa za visima. Mnakumbuka wiki zile zilivyokuwa. Siku kumi kabla, David Rudisha alikuwa amekimbia mita 800 London kwa 1:40.91, nchi nzima ikawa inatembea kifua mbele. Siku tatu baadaye Stephen Kiprotich wa Uganda akatunyang'anya dhahabu ya marathoni, tukanywea. Mimi nilisimama kwenye mstari wa kuanzia nikiwa na furaha na hasira ya nchi nzima, na saa ya GPS ya mtumba mkononi, niliyoipata kwa jamaa aliyerudi kutoka Uingereza.

Nilimaliza kwa 1:28:52. Nilikaa chini kwenye nyasi nikalia, nasema kweli. Mama yangu alikuja na soda. Cheti kiliwekwa fremu, kikatundikwa sebuleni kwake Homa Bay, kati ya picha ya harusi ya dada yangu na kalenda ya kanisa. Kwenye faili niliandika hivi:

2012-08-19;21.10;1:28:52;mbio;HATIMAYE!

Huo ndio mstari mnaoujua. Ndio nilioubandika hapa, mkanipongeza. Ila haukuwa mstari wa kwanza. Usiku wa siku ile, saa 3 na robo, nilikuwa nimeandika mwingine na kuuhifadhi:

2012-08-19;20.52;1:28:52;mbio;HATIMAYE!

Saa yangu ilikuwa imepima kilomita 20.52. Asubuhi ya pili, kabla ya kwenda kazini, nilifungua faili nikafuta 20.52, nikaandika 21.10, na kwenye maelezo ya badiliko nikaweka maneno mawili: "sahihisha umbali".

Hapa lazima nieleze jambo la kiufundi kidogo, maana ndimo nilimojificha kwa miaka 13. Saa ya GPS haipimi umbali. Inachofanya ni kukisia mahali ulipo kila baada ya muda mfupi, kisha inaunganisha nukta hizo kwa mistari iliyonyooka na kujumlisha. Kila nukta ina kosa la mita chache. (Hadi tarehe 2 Mei 2000 Marekani ilikuwa inaharibu mawimbi ya raia kwa makusudi, kosa likifika mita 100, walipoacha ndipo saa za mkononi za namna hii zikawezekana.) Makosa yana njia mbili za kukudanganya. Saa ikichukua nukta chache, inakata kona, na umbali unapungua. Ikichukua nukta nyingi, ule mtikisiko wa nukta huku na huku unaufanya mstari uwe wa zigizaga, na umbali unaongezeka kidogo. Barabarani, peupe, kwa saa inayochukua nukta nyingi, kosa la kawaida ni kuongeza. Ndiyo maana mbio zilizopimwa vizuri mara nyingi hutoka 21.2 kwenye saa, na watu hulalamika kwamba waandaaji wamezidisha.

Nilikuwa nayajua haya yote. Nilikuwa nimeyaandika hapa hapa mwaka mmoja nyuma! Njia ile ilikuwa lami tupu katikati ya mashamba, hakuna ghorofa, hakuna msitu, kona zake unaweza kuzihesabu kwa vidole. Saa iliyopoteza karibu mita 600 mahali kama pale ilikuwa inaniambia kitu. Nikaamua kwamba inaniambia yenyewe ni mtumba. Mteja akiniletea ripoti yenye namba isiyolingana na mapokezi, siwezi kamwe kuibadilisha namba na kuandika "sahihisha". Ningefukuzwa, na ingekuwa haki.

Uongo huo ulinigharimu. Mazoezi ya mkimbiaji hukokotolewa kutoka kwenye muda wake bora: kasi ya siku ngumu, kasi ya siku nyepesi, vyote. Programu yangu ilichukua 1:28:52 na kunipangia kasi za mtu ambaye sikuwa. Tofauti ni kama asilimia 3. Inaonekana ndogo, lakini hebu kimbia kila Jumanne na kila Alhamisi asilimia 3 juu ya uwezo wako kwa mwaka mzima, kati ya matrela ya miwa ya Awendo, uone. Mwaka 2013 nilikwenda Kisumu kutafuta 1:27. Nikapata 1:31:05. Nilinuna, sikusubiri hata kupewa medali, nikapanda matatu ya kwanza ya kurudi. Nikaongeza mazoezi. Februari 2014 kano ya kisigino cha kulia ikaniambia basi, na faili lina shimo la miezi sita. Kwa muda wote huo swali langu lilikuwa moja: nimepungukiwa nini, mbona wakati ule niliweza?

Pengine ningekwenda nalo kaburini kama si kijana mmoja.

Ni mtoto wa jirani yetu Homa Bay, alimaliza kidato cha nne miaka miwili iliyopita. Ana miguu ya swala. Tunakimbia pamoja Jumamosi, yaani tunaanza pamoja. Agosti mwaka huu alishiriki mbio zile zile za hisani, mwanzo ule ule, mwisho ule ule, njia ile ile, akamaliza kwa 1:04:10. Mji ukazizima. Baba yake akaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wawili soko la Rodi Kopany, ili kijana apate nauli, kodi ya chumba na chakula cha miezi sita Iten. Ng'ombe wenyewe ni watatu kwa jumla.

Jumamosi iliyofuata kijana alikuja na simu yake.

"Mzee," akasema, na neno hilo bado linanichoma, "simu imeandika 20.5. Watu wa mbio wanasema simu si za kuaminika. Wewe ndiye unajua haya mambo ya kompyuta. Ni simu?"

Nilikuwa na jibu la miaka 13 mdomoni, tayari. Ningesema "ni simu", angeamini, kwa sababu ni mimi. Nikamwambia anipe wiki mbili.

Njia halali ya kupima mbio za barabarani ni baiskeli. Wengi hawaamini nikisema hivi, katika zama hizi za setelaiti. Wapimaji rasmi wa marathoni kubwa hufunga kihesabio kidogo kwenye gurudumu la mbele, wanaipima baiskeli yenyewe kwanza kwa kuiendesha kwenye umbali wa mita mia kadhaa uliopimwa kwa utepe wa chuma, kisha wanaendesha njia nzima, wakifuata mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona. Mwisho wanarudi kuipima baiskeli tena, kwa sababu jua likiwaka tairi hufura na hesabu hubadilika. Juu ya hayo wanaongeza mita moja kwa kila kilomita, ili njia isije ikawa fupi kwa bahati mbaya.

Kihesabio chao sina. Nilichokuwa nacho ni Black Mamba ya marehemu baba, kikokotoo cha shilingi mia mbili, sumaku niliyoing'oa kwenye spika iliyokufa, na swichi ndogo ya sumaku. Wale mnaopenda kuchokora vitu sikilizeni, ni rahisi: fungua kikokotoo, lehemu nyaya mbili kwenye kitufe cha "=", zipeleke kwenye swichi, funga swichi kwenye uma wa mbele na sumaku kwenye spoku. Bonyeza 1 + 1, halafu kila gurudumu likizunguka, sumaku inapita, "=" inabonyezwa, namba inaongezeka moja. Usisahau kutoa ile moja ya kuanzia. Mimi nilisahau mara ya kwanza, ila katika maelfu haina madhara.

Jumapili moja alfajiri, saa 11 na nusu, mimi na kijana tulilaza tepu ya fundi ya mita 50 mara nane kwenye barabara iliyonyooka, tukapata mita 400. Gurudumu lilizunguka mara 181 na nusu. Kisha nikapanda na kuendesha njia nzima, kijana akinifuata nyuma kwa boda boda akiwa amewasha taa za hatari, na bibi mmoja aliyekuwa akichuma mboga akauliza kama tunataka kunyakua barabara. Mwisho wa njia kikokotoo kilisema mizunguko 9,277. Tukarudi kwenye mita zetu 400, jua limeshakuwa kali: 181 na robo. Wastani unampa kila mzunguko mita 2.2054.

Zidisheni wenyewe. Njia ina mita 20,459. Imepungua mita 638.

Nilikaa pale kando ya barabara, kikokotoo mkononi, na cha kushangaza sikuhuzunika kwanza kwa ajili yangu. Nilimfikiria yule ng'ombe wa pili. Nikakokotoa ya kijana: kwa kasi ile ile, nusu marathoni kamili angeimaliza kwa 1:06:10. Ni muda mzuri. Mimi siwezi hata kuuota. Lakini katika nchi hii, ambako Kelvin Kiptum alikimbia marathoni nzima Chicago mwaka 2023 kwa 2:00:35, yaani wastani wa saa moja na sekunde chache kwa kila nusu, kijana wa 1:04 akifika Iten anaweza angalau kutazamwa mara mbili. Wa 1:06 amejaa kila kona.

Yangu ilikuwa 1:31:38.

Njia ilipunguaje? Nilizungumza na mmoja wa waandaaji, kwa upole. Walikuwa wameipima kwa mita ya pikipiki, mwaka wa kwanza kabisa, na hawakurudia. Mita ya pikipiki huhesabu mizunguko ya gurudumu na kudhani tairi ni jipya. Tairi likiisha, gurudumu linakuwa dogo, linazunguka mara nyingi zaidi, na mita inaandika kilomita ambazo hazipo. Ongeza na kosa la mita yenyewe, ongeza na pikipiki inayochukua kona kwa upana, asilimia 3 inapatikana bila mtu yeyote kuwa mwizi. Alisikitika sana. Ameniomba niipime upya kabla ya mbio zijazo na nimekubali.

Kumwambia kijana hakukuwa kugumu, alikuwepo na anajua kuzidisha. Kugumu kulikuwa kwa baba yake. Tulikwenda jioni, tukaketi nje chini ya mwembe. Nilieleza habari za tairi na tepu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu:

"Na wewe ulijua lini?"

Ningeweza kusema "Jumapili". Nilisema, "Baba, nilishuku tangu mwaka 2012."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Alitazama zizi. Kisha akasema, "Basi ulikuwa na cheti changu mfukoni miaka yote," na hadi leo sijui kama alikuwa ananikaripia au anatania. Ng'ombe hawakuuzwa. Kijana hakuzungumza nami kwa wiki tatu, na sikumlaumu. Alirudi Jumamosi ya nne, kabla ya mapambazuko, na viatu vyake begani, akaniuliza kama ile baiskeli bado inahesabu.

Kwa hiyo nilifungua faili. Git haisahau: mabadiliko yote mawili yapo, yale ya saa 3 usiku na yale ya asubuhi, na maneno yangu "sahihisha umbali" yananitazama. Sikuyafuta, ingawa kufuta historia ninajua jinsi ya kufanya. Niliongeza badiliko la tatu, nikaandika 20.46, na safari hii neno "sahihisha" lilikuwa la kweli. Kisha nikaendesha programu.

Nusu marathoni bora: Kisumu, 2013, 1:31:05. Saa ilipima 21.21 siku ile, kama inavyopaswa. Ile ile niliyonuna. Siku niliyokimbia vizuri kuliko siku zote za maisha yangu nilikuwa kwenye matatu, kiti cha nyuma, nimegeuzia uso dirishani, na medali yangu imebaki Kisumu kwenye sanduku la watu.

Nina miaka 47. Dakika 90 sidhani kama nitazipata, nasema bila kujihurumia, hesabu ndivyo zinavyosema. Mama amekataa kuondoa cheti. Nilimweleza yote, pamoja na kikokotoo, akasema fremu aliinunua yeye na ukuta ni wake, na jina lililoandikwa pale ni la mtoto wake, mambo ya mita nikaongee na watu wa barabara.

Tangu Novemba mimi na kijana tumepima kilomita 10 kutoka Homa Bay kuelekea Rodi na kurudi, mara mbili, tukaongeza na zile mita 10 za tahadhari, tukagonga misumari ukingoni mwa lami mahali pa kuanzia na pa kugeukia. Jumapili iliyopita baba yake alikuja kusimama pale mwisho na saa. Kijana alipata 30:31. Mzee aliitazama saa, akaitikisa, akaniuliza kama hizi ni kilomita za kweli. Nikasema ndiyo. Akaiandika namba kwenye kiganja kwa kalamu.

Mstari wangu wa siku ile ni huu:

2025-12-14;10.00;44:10;mbio;misumari ipo

Wenye kutaka mchoro wa ile swichi na kikokotoo, niandikieni nitawatumia. Na kama mnajua mtu mwenye tepu ya chuma ya mita 100 asiyeitumia, tuko tayari kununua.